Spa ya Scarborough: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ndiyo maswali yanayojirudia kila Spa ya Scarborough inapotajwa. Yanaanza na mepesi. Aliyekuja kwa ajili ya maporomoko ya ardhi tu (na ni wengi) aruke moja kwa moja hadi sehemu ya nne.

## 1. Mambo ya mwanzo

Spa ya Scarborough ni nini hasa?

Ni jumba kubwa la burudani na mikutano lililojengwa ufukweni, upande wa kusini wa mji wa Scarborough katika jimbo la North Yorkshire, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Ndani mna ukumbi wa muziki, ukumbi wa michezo ya kuigiza na vyumba vya mikutano. Mbele yake kuna njia pana ya kutembea, kisha ukuta wa bahari, kisha Bahari ya Kaskazini yenyewe. Nyuma yake limesimama gema refu, yaani ule mteremko mkali wa udongo na mawe unaoinuka kutoka ufukweni hadi kwenye mitaa ya juu.

Jumba lilikuja baadaye. Kilichotangulia ni chemchemi ya maji ya madini iliyokuwa ikichuruzika chini ya gema hilo. Watu walianza kuja kuyanywa maji yake katika karne ya 17, na kila kilichojengwa hapo tangu wakati huo kilijengwa kwa sababu yao.

Kwa hiyo si mahali pa masaji na sauna?

Si hapo. Anayetaka kukandwa mgongo atafute hoteli. Hata enzi za umaarufu wake, kazi kubwa ya Spa ya Scarborough haikuwa kuogesha watu, ilikuwa kuwanywesha. Wageni walishika bilauri, hawakushika taulo.

Ni maji ya moto kama ya Bath?

Hapana. Chemchemi za Bath hutoka zikiwa na joto la kama nyuzi 46 za Selsiasi, ndiyo maana Warumi walijenga mabwawa ya kuogea pale. Maji ya Scarborough ni baridi. Harrogate, mji mwingine wa Yorkshire wenye chemchemi, nao ulijulikana kwa maji ya kunywa, mengine yakiwa na salfa na harufu ya yai viza. Tofauti ni kwamba Harrogate na Bath ziko bara. Scarborough ilikuwa na chemchemi na bahari mahali pamoja, na hilo ndilo lililoupa mji bahati yake (tazama swali la kuoga baharini, sehemu ya 3).

Nafikaje?

Kwa treni kutoka York, mwendo wa chini kidogo ya kilomita 70. Reli hiyo ilifunguliwa Julai 1845. Kutoka stesheni unatembea kuelekea baharini, unavuka daraja la miguu liitwalo Spa Bridge, na jumba linaonekana chini yako.

## 2. Maji yenyewe

Yana nini ndani?

Madini matatu ndiyo yanayotajwa zaidi: salfeti ya magnesiamu, salfeti ya kalsiamu na chuma kilichoyeyuka. Ya kwanza ndiyo ile inayouzwa madukani kwa jina la chumvi ya haluli, na anayeijua haluli ameshajua maji haya yalikuwa yakimfanyia nini mnywaji.

Chanzo chake hakina miujiza. Mvua inanyesha juu ya gema, maji yanapenya kwenye udongo na tabaka za miamba, yanayeyusha madini njiani, kisha yanatokea chini karibu na usawa wa bahari. Chuma kikiwa ndani ya maji hakionekani. Maji yanatoka maangavu kabisa. Yakikutana na hewa, chuma kinapata kutu na kuacha rangi ya kahawia yenye wekundu juu ya mawe. Rangi hiyo ndiyo iliyoifichua chemchemi.

Yalikuwa na ladha gani?

Uchungu wa magnesiamu na ukakasi wa chuma. Hakuna aliyeyanywa kwa utamu. Naamini ubaya wa ladha uliyasaidia: mgonjwa wa karne ya 17 hakuiamini dawa tamu.

Yalisemekana kutibu nini?

Karibu kila kitu. Daktari Robert Wittie wa Hull, aliyeandika kitabu juu ya maji haya mwaka 1660, aliyapendekeza kwa kifafa, kizunguzungu, pumu, kiseyeye, manjano, gesi tumboni na huzuni isiyo na sababu, miongoni mwa mengine. Orodha ya namna hiyo ilikuwa kawaida kwa waganga wa wakati ule, na kila mji wenye chemchemi ulikuwa na daktari wake wa kuisifia.

Je, yalitibu kweli?

Kwa choo kigumu, ndiyo, bila shaka yoyote. Salfeti ya magnesiamu huvuta maji kuingia ndani ya utumbo na tumbo linafunguka. Kwa mtu aliyepungukiwa damu kwa kukosa chuma, maji ya chuma huenda yalimsogeza mbele kidogo. Kwa kifafa au pumu hayakuwa na la kufanya.

Ila usimwangalie mgonjwa kwa bilauri yake peke yake. Mtu tajiri aliyezoea nyama nyingi na mvinyo alitoka mjini, akaja pwani, akaamka mapema, akatembea mchangani kila siku na kusafishwa tumbo. Angerudi nyumbani akijisikia vizuri hata kama chemchemi ingekuwa imekauka.

Naweza kuyanywa leo?

Hapana. Maji hayo yalishatangazwa kuwa hayafai kwa kunywa, na Spa haiyatoi kwa wageni. Maji yanayotoka chini ya gema lenye mji juu yake hubeba zaidi ya madini. Pia mwenye ugonjwa wa figo hapaswi kucheza na magnesiamu nyingi, iwe ya chemchemi au ya pakiti. Na usijaze chupa ukampelekea mtu kama dawa.

## 3. Historia

Nani aliigundua chemchemi?

Mwanamke wa mji huo, mke wa mtu mwenye nafasi. Jina lake utalikuta kwa namna mbili, Thomasin Farrer au Elizabeth Farrow, na mwaka unaotajwa zaidi ni 1626. Akitembea ufukweni kusini mwa mji aliona maji yanayotoka chini ya gema yamebadilisha rangi ya mawe. Akayaonja, akayakuta machungu, akahisi kwamba yana dawa. Akayajaribu na kuwaambia wenzake, na wenyeji wakaanza kuyatumia kama dawa ya kusafisha tumbo.

Kutofautiana kwa jina kusikusumbue. Aliyeieneza habari hiyo kwa maandishi ni Wittie, zaidi ya miaka 30 baadaye, na tahajia ya majina wakati ule ilikuwa ya kila mtu na yake.

Umaarufu ulikujaje?

Kwa kitabu, kisha kwa ugomvi. Wittie alipoandika, wagonjwa wenye fedha wakaanza kumiminika. Baada ya miaka michache daktari mwingine, William Simpson, akajitokeza kumpinga juu ya madini yaliyomo katika maji. Wakajibizana kwa maandishi, na kila jibu lililochapwa lilikuwa tangazo la bure kwa Scarborough. Hakuna aliyeshinda kikemia, kwa kuwa kemia ya kuwaamua haikuwepo bado.

Siku ya mgeni ilikuwaje?

Msafiri Celia Fiennes, mwanamke aliyezunguka Uingereza akiwa juu ya farasi, alifika mwaka 1697 na kuacha maelezo. Anasema kisima kilikuwa mchangani, mahali ambapo bahari ilipanda na kukifunika maji yalipojaa. Maji ya chumvi yaliyobaki ndiyo, kwa maoni yake, yaliyofanya kisima kiendeshe tumbo namna ile. Burudani, kwa mujibu wake, ilikuwa moja tu: kutembea mchangani mara mbili kwa siku maji yanapokupwa.

Hebu ifikirie hali hiyo. Ratiba ya wagonjwa na wenyeji wao ilitegemea kupwa na kujaa. Bahari ikiwa juu, dawa iko chini ya mawimbi na njia ya kutembea haipo.

Dickie Dickinson alikuwa nani?

Ndiye aliyeikodi chemchemi kutoka kwa mamlaka ya mji mwanzoni mwa karne ya 18 na kuigeuza kuwa biashara. Watu walimwita Gavana wa Spa, nusu kwa heshima, nusu kwa mzaha. Alikuwa na ulemavu wa mwili na ulimi mkali, na wageni walimpenda kwa vyote viwili. Alijenga nyumba za kupumzikia ufukweni, ya mabibi mbali na ya mabwana mbali. Ukikumbuka kazi ya haluli, huhitaji kuambiwa kwa nini nyumba hizo zilihitajika upesi na karibu.

Mwisho wake unasimuliwa katika sehemu ya 4.

Kuoga baharini kulianzaje?

Wittie mwenyewe alikuwa amekusifu, hasa kwa wenye jongo. Kwa hiyo mgonjwa alikunywa maji ya gema asubuhi, kisha akaitazama bahari iliyo hatua chache mbele yake na kujiuliza kwa nini asiingie.

Ushahidi mzuri zaidi ni mchoro wa John Setterington wa mwaka 1735 unaoonyesha ghuba ya kusini. Humo kuna waogaji majini, na kuna kibanda cha mbao juu ya magurudumu kilichosogezwa hadi ukingoni mwa maji ili mtu avulie nguo humo. Ni miongoni mwa michoro ya mwanzo kabisa ya vibanda hivyo, ambavyo baadaye vilienea pwani zote za Uingereza. Ndiyo maana Scarborough hutajwa mara nyingi kuwa mji wa kwanza wa mapumziko ya pwani katika nchi hiyo. Kwa maoni yangu hapo ndipo chemchemi ilipopoteza kazi, ingawa iliendelea kunyweka kwa miaka mingi: bahari haikuisha, haikuhitaji foleni, na haikuwa chungu.

Daraja lilijengwa kwa nini?

Kati ya mji na Spa kuna bonde. Kabla ya daraja, mgeni alishuka hadi mchangani na kupanda tena, jambo gumu kwa mgonjwa na aibu kwa tajiri. Kampuni iliundwa, na daraja la chuma la waenda kwa miguu likafunguliwa mwaka 1827. Lilikuwa la kulipia. Ada ilirudisha gharama, na pia iliwaweka mbali wasio na uwezo; kampuni iliyoendesha daraja ndiyo iliyoendesha Spa, na ilitaka wageni wa aina fulani. Ada iliondolewa baada ya mji kulinunua daraja mwaka 1951. Spa yenyewe ilinunuliwa na mji mwaka 1957.

Jumba tunaloliona ni la lini?

Kwa sehemu kubwa ni la 1880, kazi ya wasanifu Verity na Hunt. Kabla yake palikuwa na majengo mengine, na karibu kila moja lilikuwa na adui wake:

- nyumba za Dickinson zilimezwa na ardhi mwaka 1737;
- majengo yaliyofuata yaliharibiwa na dhoruba mwaka 1836, na mwaka 1839 Henry Wyatt akafungua ukumbi mpya wa mtindo wa Kigothi;
- Joseph Paxton, yule yule aliyebuni Crystal Palace, jumba la vioo la London la mwaka 1851, aliongeza ukumbi mkubwa wa muziki uliofunguliwa 1858, na moto ukaliteketeza jumba Septemba 1876.

Ardhi, maji, moto. Baada ya moto kampuni haikusita kujenga upya. Wakati huo reli ilikuwa ikileta watu kwa maelfu na fedha ilikuwepo, na wengi wa watu hao walikuja kwa muziki na matembezi. Maji ya chemchemi yalikuwa yamebaki kisingizio cha adabu.

## 4. Gema na maporomoko

Nini kilitokea mwaka 1737?

Mwishoni mwa Desemba ufa ulionekana kwenye nyumba ya Spa. Siku iliyofuata gema likaenda. Kipande cha malisho karibu ekari nzima kilishuka wima yadi kadhaa, na mifugo ikiwa juu yake. Hapo hapo, chini ufukweni, mchanga ukafanya kinyume: uliinuka, ukanyanyua gati la Spa pamoja na visima vyake. Nyumba ziliharibika na chemchemi ikapotea.

Walioona waliduwaa kwa nini ardhi ishuke huku na kupanda kule. Jibu liko katika swali linalofuata.

Chemchemi ilitafutwa na kupatikana tena. Dickinson hakuiona ikirudi katika hali yake. Alifariki mapema 1738.

Kwa nini gema linaporomoka?

Sehemu kubwa yake ni udongo wa mfinyanzi uliochanganyika na mawe, ulioachwa na barafu ya zama za kale, ukiwa umelala juu ya miamba ya zama za Jura. Mvua ikizidi, maji yanajaa ndani ya udongo na kuusukuma kutoka ndani, mpaka unakosa nguvu ya kujishika. Hapo udongo hauanguki mbele kama ukuta. Unateleza juu ya uso uliopinda, kama mtu anayeteleza kwenye kiti: mabega yanashuka, magoti yanatokeza mbele. Mabega ndiyo yale malisho ya 1737, na magoti ndiyo ule mchanga ulioinuka.

Angalia jambo hili, maana wengi hulipita: maji yanayopenya kwenye gema ndiyo yaliyoleta chemchemi, na ndiyo yanayoliangusha gema. Huwezi kupata moja ukakataa jingine. Spa imejengwa kando ya kinachoitishia kwa sababu ndicho kilichoizaa.

Hoteli ya Holbeck Hall ndiyo ile iliyoanguka baharini?

Ndiyo, kwa watu wengi wa Uingereza ndiyo picha inayokuja kwanza. Hoteli hiyo ilikuwa juu ya gema, kusini kidogo mwa Spa. Kati ya tarehe 3 na 5 Juni 1993, kama tani milioni moja za udongo ziliteleza. Gema la urefu wa kama mita 60 lilirudi nyuma mita 70, na udongo ukatambaa juu ya ufuo hadi kuunda rasi mpya ndani ya bahari. Katika miezi miwili iliyotangulia ilikuwa imenyesha mvua ya milimita 140. Wageni walitolewa mapema na hakuna aliyekufa, lakini hoteli ilimong'onyoka mbele ya kamera za televisheni na mabaki yake yakabomolewa.

Spa yenyewe iko salama?

Imesimama tangu 1880 na gema la nyuma yake limefanyiwa kazi ya kuliimarisha. Kazi ya namna hii haimaliziki: maji lazima yatolewe ndani ya udongo, na ukuta wa bahari lazima uzuie mawimbi yasiule msingi. Kwa mgeni wa siku moja, la kuzingatia ni kuheshimu vizuizi. Njia ikifungwa, imefungwa kwa sababu.

## 5. Kwa anayezuru

Kuna kiingilio?

Kutembea mbele ya jumba na kuvuka daraja ni bure. Matamasha na maonyesho yana tiketi zake.

Okestra ya Spa bado ipo?

Ipo, na hujivunia kuwa miongoni mwa mabaki ya mwisho ya okestra za kulipwa za miji ya pwani Uingereza. Alick Maclean aliiongoza kuanzia 1912 hadi 1935, na mpiga fidla Max Jaffa alikuwa uso wake kuanzia 1960 hadi 1986. Majira ya kiangazi hupiga pia nje, katika uwanja uitwao Sun Court. Chukua koti. Jua la Bahari ya Kaskazini ni la kuangalia zaidi kuliko la kuota.

Kupanda gema ni kazi?

Kwa magoti mabovu, ndiyo. Ndiyo maana mwaka 1875 ilifunguliwa hapo lifti ya gema, mabehewa mawili yanayovutana kwa kamba juu ya reli za mteremko, ya kwanza ya aina yake Uingereza. Uliza kabla kama inafanya kazi siku hiyo. Vinginevyo njia za bustani hupanda kwa kuzunguka.

Bwawa la kuogelea la zamani liko wapi?

Lilikuwa kusini mwa Spa: bwawa la maji ya bahari lililofunguliwa mwaka 1915. Lilifungwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na baadaye kufukiwa. Usitembee na nguo za kuogelea kulitafuta.

## 6. Maswali ya pembeni

Ni kweli mwandishi wa riwaya Anne Brontë alikuja kunywa maji haya?

Alikuja Mei 1849 akiwa na kifua kikuu, pamoja na dada yake Charlotte na rafiki yao Ellen Nussey. Alichokitumainia ni hewa ya bahari. Mji aliujua tayari, kwani aliwahi kufika na familia aliyoifundishia watoto. Alifariki tarehe 28 Mei katika nyumba ya kupanga iliyokuwa mahali ilipo sasa Grand Hotel, na amezikwa kwenye uwanja wa kanisa la St Mary. Jiwe la kaburi liliandikwa umri wa miaka 28, ilhali alikuwa na 29.

Baada ya Holbeck Hall kuanguka, nani alilipa?

Wenye hoteli waliishitaki halmashauri ya mji, wakisema ardhi iliyo kati ya hoteli na bahari ni yake, na kwamba ilijua gema halijatulia. Mwaka 2000 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba halmashauri haiwajibiki. Mwenye ardhi ana wajibu kwa jirani yake hata pale hatari inapotokana na maumbile, ilisema mahakama, lakini wajibu huo una mipaka. Maporomoko madogo yalitarajiwa; ukubwa wa yale ya 1993 usingeweza kujulikana bila uchunguzi wa kina wa kijiolojia. Wanafunzi wa sheria bado wanaisoma kesi hiyo, na wengi wao hawajui kwamba gema hilo liliwahi kushusha malisho yenye ng'ombe miaka 256 kabla.